Okestra ya wali-maharage yanifumbua mdomo!

Leo natoboa siri. Mimi, pamoja na mbwembwe zangu zote hapa mjini, nimezuga kuimba kwa zaidi ya miaka ishirini.

Ndiyo, kuzuga. Harusini, kanisani, uwanjani wakati wa wimbo wa taifa, hata mbele ya keki ya mtoto wa jirani: midomo inacheza, sauti hakuna. Nilishakuwa fundi. Ukinitazama ungeapa kwamba mimi ndiye ninayeongoza kwaya.

Ugonjwa huo niliupata darasa la nne. Tulikuwa tunajiandaa na mahafali ya darasa la saba. Mwalimu wa kwaya, baba mmoja wa miraba minne mwenye sauti nzito kama injini ya lori, alitupanga mistari mitatu, halafu akawa anapita mbele yetu, katega sikio, fimbo kwapani. Alipofika kwangu akasimama. Akainama. Akasikiliza tena. Nikadhani mzee kanikubali. Kumbe!

"Wewe unatuharibia," akasema. "Sikutoi kwa sababu sare yako nzuri. Ila siku ya wageni fungua mdomo tu, sauti usitoe. Umesikia?"

Mstari mzima ukaangua kicheko. Nikanywea. Toka siku ile sikutoa sauti tena.

Mtaona ni jambo dogo, la kuchekea kijiweni. Hata mimi nimelichekea sana kijiweni. Lakini siku tuliyomzika baba, wanakwaya wenzake walizunguka kaburi wakaimba wimbo alioupenda, ule aliokuwa akiuimba kila asubuhi huku ananyoa ndevu. Ukoo mzima ukaitikia. Mimi nikasimama pale na koleo mkononi, midomo inacheza, kimya. Hapo hapakuwa na kichekesho chochote.

"MJOMBA, MIMI NIMEPEWA KAZI"

Basi bwana, mwaka jana mpwa wangu, mtoto wa dada, wakati huo yuko darasa la tatu, akarudi kutoka shule na begi lake mgongoni. Mama yake akamuuliza mazoezi ya kwaya yamekwendaje.

"Mazuri," akajibu. Kisha akanigeukia mimi. "Mjomba, mimi nimepewa kazi ya kufungua mdomo."

Hakulia. Hakununa. Alisema kama mtu aliyepewa cheo. Hicho ndicho kilichoniuma.

Usiku ule usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Kulipokucha nikavaa shati langu la kwendea benki, saa moja na nusu nikawa getini pale shuleni (jina nalihifadhi), tayari kwa kasheshe. Kabla sijafika ofisi ya mwalimu mkuu nikakutana na mwalimu mmoja, mama wa makamo, amekumbatia madebe mawili ya mafuta ya kula.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Mbona umevimba asubuhi yote hii?"

Nikamwaga yote, ya kwangu na ya mpwa wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, madebe bado kakumbatia.

"Kwaya siyo yangu," akasema. "Aliyemwambia mtoto maneno hayo nitaongea naye mwenyewe, na mtoto atarudi mstarini na sauti yake. Sasa wewe, kama umekuja kugomba, ofisi ile pale. Kama umekuja kusaidia, njoo Jumamosi saa mbili. Naanzisha okestra ya darasa la tatu."

"Okestra! Kwa vyombo gani, Mwalimu?"

"Njoo na chupa nane za soda. Za kioo, na ziwe tupu."

MAQUIS AU SAFARI SOUND?

Jioni nikamwambia mama kwamba mjukuu wake anaingia okestra. Mama akaacha kuchambua mchele.

"Okestra? Na usiku watoto watarudije?"

Simlaumu. Kwa mtu aliyekula ujana wake Dar es Salaam ya miaka ya 1970 na 1980, okestra ni Orchestra Maquis, ni Orchestra Safari Sound, ni Orchestra Makassy: magitaa, tumba, saksafoni, na watu kurudi nyumbani jogoo wa kwanza akiwika. Kongo na huku kwetu, neno hilo lilihamia kwenye bendi za dansi, likajenga nyumba huko.

Ile nyingine, inayopiga kazi za akina Beethoven na Mozart, ni jeshi. Okestra kubwa huwa na wanamuziki kati ya 80 na 100, wamegawanyika koo nne. Ukoo wa nyuzi ndio wenye watu wengi: fidla, fidla nene kidogo, selo na besi kubwa inayopigwa mtu akiwa amesimama au ameegemea kigoda kirefu. Halafu ukoo wa filimbi na wenzake wa mbao, kama obo, klarineti na basuni. Wa tatu ni ukoo wa shaba, tarumbeta na ndugu zake. Wa nne ni ukoo wa kupiga: ngoma, matoazi na mazagazaga mengine. Kabla hawajaanza, obo hutoa sauti moja, ile yenye mitetemo 440 kwa sekunde au karibu na hapo, na jeshi zima linakaza nyuzi mpaka linakubaliana nayo. Mbele anasimama kondakta. Huyu hadai nauli wala haning'inii mlangoni, lakini kazi yake haiko mbali na ya konda wa daladala: kuhakikisha wote wanaondoka pamoja, wanafika pamoja na hakuna anayeachwa kituoni.

Wako watakaosema, aah, hayo mambo ya Wazungu. Taratibu. Pale Unguja, Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa mwaka 1905, na klabu za taarabu zimekaa miaka na miaka zikipanga fidla, kanuni, udi, akodiani na besi kwenye jukwaa moja. Kama mstari wa fidla zinazoondoka pamoja kama ndege siyo okestra, mniambie ni nini. Bibi zetu wamezituza fidla kabla sisi hatujazaliwa.

WALI, WALI, MAHARAGE, NYAM!

Jumamosi nikafika na chupa zangu nane kwenye mfuko. Nikakuta watoto zaidi ya arobaini, mpwa wangu akiwa mstari wa mbele, na vyombo vyote vya okestra viko juu ya meza moja: yale madebe mawili, mifuniko ya sufuria, kayamba moja, filimbi za plastiki sita, na marimba ya mkono ambayo Mwalimu alipewa na ndugu zake wa Dodoma. Basi. Nikajisemea moyoni, hapa tumeliwa.

Mwalimu hakugusa hata chombo kimoja. Aliwauliza watoto jana walikula nini.

"Wali maharageee!"

"Haya, tuupike tena."

Akaanza kutembea palepale alipo, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Kila hatua pigo moja. "Wa-li" linaingia kwenye hatua moja, silabi mbili. "Ma-ha-ra-ge" nalo hatua moja, lakini silabi nne, lazima uharakishe. Halafu "nyam!", silabi moja inayokaa yenyewe. Kwa hiyo: wali, wali, maharage, nyam. Hatua nne. Kwa lugha ya wenye vyuo vyao, watoto wale walikuwa wanasoma noti za pigo zima, nusu pigo na robo pigo. Hakuna aliyewaambia. Walikuwa wanakula tu.

Baada ya dakika tano akawagawa makundi matatu. La kwanza wali, wali, wali. La pili maharage bila kupumua. La tatu wao ni nyam, lakini kwenye hatua ya nne peke yake. Hatua tatu wanaweka kidole mdomoni, wanahesabu kimya. Mjameni! Darasa likaanza kuunguruma kama treni. Hapo ndipo akawagawia madebe, kayamba na mifuniko, akawaambia wafunge midomo, mikono iendelee kula.

Nilikuwa nimesimama pembeni kama mzazi mwenye heshima zake. Nilipojitazama chini, mguu wangu unacheza.

CHUPA ZANGU NANE ZAPATA KAZI

Kisha ikaja zamu ya chupa. Mwalimu akazipanga mezani, akatia maji: hii kidogo, ile robo, ile nusu, mpaka ya mwisho karibu ijae. Akamwita mtoto mmoja azigonge na kijiko. Yenye maji mengi ikatoa sauti nene, yenye maji machache ikatoa sauti nyembamba.

"Sasa puliza mdomoni mwa chupa."

Mambo yakageuka! Yenye maji mengi ndiyo ikapiga nyembamba, yenye maji machache ikanguruma. Watoto wakapiga kelele kama wameona mazingaombwe. Mimi mwenyewe, mtu mzima na cheti changu, nilikuwa sijui.

Mwalimu akawaacha wabishane kwanza. Mpwa wangu ndiye aliyekaribia: akasema ukigonga unapiga chupa, ukipuliza unapiga hewa. Ndivyo hasa. Ukigonga, kinachotetemeka ni kioo, na maji yanakielemea, kinatetemeka polepole, sauti inashuka. Ukipuliza, kinachotetemeka ni hewa iliyo juu ya maji. Maji yakipanda, hewa inabaki fupi, inatetemeka haraka, sauti inapanda. Ndiyo sababu filimbi fupi inalia juu na tarumbeta refu linanguruma. Sayansi ya darasa la tatu, kwa chupa za soda.

Jumamosi iliyofuata tukasikiliza okestra yenyewe kwa simu na spika ndogo. Mwalimu alichagua hadithi ya Pita na mbwa mwitu, kazi ambayo Mrusi Sergei Prokofiev aliiandika mwaka 1936 kwa ajili ya watoto. Humo kila mhusika ana chombo chake. Ndege ni filimbi. Bata ni obo, paka ni klarineti, babu mkali ni basuni inayokoroma. Pita mwenyewe ni fidla na wenzake wa nyuzi, na mbwa mwitu anakuja na pembe tatu za shaba. Mara mbili tu walisikiliza. Mara ya tatu Mwalimu alizima kila baada ya muda na kuuliza nani kapita, wakawa wanapatia hata kabla hajamaliza kuuliza.

"Mbwa mwitu hatujamwona," akasema mtoto mmoja. "Tuweke fisi."

Na ndivyo okestra yetu ilivyopata kazi yake ya kwanza: Sungura na Fisi. Sungura ni chupa za kugonga, tembo ni debe, ndege ni filimbi za plastiki, fisi ni chupa za kupuliza. Kobe alipewa marimba, polepole, noti mbili mbili.

MASKINI NA OKESTRA WAPI NA WAPI?

Siku moja wakati wa mapumziko nilimuuliza Mwalimu swali lililokuwa linanikera. Hivi hatuwadanganyi watoto wa watu? Fidla moja ya kuanzia ni pesa ya mzazi ya miezi. Leo debe, kesho nini?

Hakunijibu kwa maneno mengi. Aliniambia niende nikasome halafu turudi kuongea. Nimesoma, na haya ndiyo niliyoyakuta.

Mwaka 1975, kule Caracas, Venezuela, bwana mmoja mchumi ambaye pia alikuwa mwanamuziki, José Antonio Abreu, aliwakusanya vijana 11 kwenye gereji ya kuegeshea magari, wakaanza mazoezi. Kazi hiyo ikaja kujulikana kama El Sistema, ikachukua maelfu kwa maelfu ya watoto wa makabwela. Wadogo kabisa huanza na vyombo vya makaratasi walivyotengeneza wenyewe na wazazi wao, wanajifunza kushika, kukaa na kusubiri zamu kabla ya kukabidhiwa fidla inayolia. Humo ndimo alimotoka Gustavo Dudamel, aliyekabidhiwa okestra ya Los Angeles, Marekani, mwaka 2009 kabla hajatimiza miaka 30.

Paraguay nako kuna watoto wa Cateura, ubavuni mwa jalala la jiji la Asunción. Favio Chávez alikwenda pale kwa kazi ya mazingira, akaanza kuwafundisha muziki, vyombo vikawa vichache kuliko watoto. Mmoja wa waokota taka akaanza kuunda vyombo kwa makopo na mabaki ya mbao. Fidla ya kopo, na inalia. Wamezunguka nchi kibao wakipiga.

Na wala tusiende mbali. Nairobi, mtaa wa Korogocho, jirani na jalala la Dandora, toka 2008 kuna Ghetto Classics, mradi ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge. Watoto wa pale wanapiga fidla na tarumbeta kwenye mtaa ambao watu wengine wanaogopa hata kupita.

Niliporudi kwa Mwalimu na habari zangu akacheka. "Sasa unaona debe linaweza kufika wapi," akasema, akarudi kupanga chupa.

"MWALIMU WAKO ALIKUWA BESI?"

Sasa kimbembe changu. Baada ya wiki chache Mwalimu akaingiza sauti. Ana ile njia ya mikono, ambayo John Curwen wa Uingereza aliieneza karne ya 19 pamoja na do-re-mi za wamisionari, na ambayo baadaye wafuasi wa Zoltán Kodály wa Hungary waliifanya chakula cha kila siku cha watoto wa shule. Do ni ngumi usawa wa kiuno. Mi ni kiganja kimelala. So ni kiganja kinakutazama usawa wa kifua. Mtoto anaiona sauti inapanda kama ngazi. Kodály alikuwa na msimamo mmoja mkali: chombo cha kwanza cha mtoto ni koo lake, na ni la kila mtoto, siyo la wateule.

Mwalimu alikuwa anamwita kila mmoja kwa jina, kwa sauti mbili tu, so na mi, naye anaitikia hivyo hivyo. Mmoja, wa pili, wa tatu. Akaniita na mimi.

Kimya. Watoto arobaini wakageuka kunitazama. Nikafungua mdomo, nikazuga.

"Mjomba anafungua mdomo tu!" mpwa wangu akapiga kelele. Nikaishiwa pozi.

Mwalimu hakunishupalia mbele yao. Watoto walipokwenda kunywa uji akavuta kiti. "Hebu ongea. Sema jina lako kwa kuvuta." Nikasema. Akaichukua sauti ileile niliyosemea, akaiimba. "Irudie." Nikairudia. Akapanda kidogo. Nikapanda. Akapanda tena. Nikafika.

"Mwalimu wako wa darasa la nne, alikuwa mwanamume?"

"Ndiyo."

"Mwenye besi?"

"Kama lori, Mwalimu."

Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba sauti ya mwanamume mzima huwa chini ya ile ya mtoto kwa ngazi nzima, kutoka do mpaka do nyingine. Mwalimu wa kiume akianzisha wimbo kwa sauti yake, watoto wengi wanaruka wenyewe na kuimba juu. Ila wapo wanaojaribu kumfuata kulekule chini, kwenye shimo ambalo koo lao halifiki, wanabaki kunguruma. Wanaitwa hawana sauti. Watu ambao kichwa chao kweli hakitofautishi sauti ya juu na ya chini wapo, lakini ni wachache mno. Wengi waliofungwa midomo hawakuwamo kabisa kwenye kundi hilo.

"Hukuwa na kasoro, mwanangu," akasema. "Ulikuwa mtiifu tu kupita kiasi. Ulimfuata mwalimu wako mpaka shimoni."

Nikamwambia naomba nikanywe maji. Sikwenda kunywa maji.

NA MIMI NIKACHEMSHA

Hapa ningeweza kuishia, nikaonekana shujaa. Lakini niliahidi kutoboa siri, na hii ndiyo mbaya zaidi.

Wiki moja kabla ya siku ya wazazi, mtoto mmoja wa mifuniko ya sufuria alikuwa anatutesa. Kila akipiga, kachelewa. Sungura kashakimbia, fisi kashaanguka, ndiyo kwanza yeye anapiga. Mimi nilikuwa nimeshaanza kujiona kocha. Nikainama sikioni kwake nikamnong'oneza: "Siku ya wageni usigonganishe. Wewe peleka mikono tu."

Nadhani mnaisikia. Mimi nilikuwa sijaisikia, mpaka nilipomwona yule mtoto anatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu aliyepewa cheo.

Mwalimu alikuwa nyuma yangu. Hakunigombeza. Alisimamisha mazoezi, akawakalisha watoto chini, akawapa habari ya Dvořák, mtu wa Bohemia ambaye simfoni yake ya tisa ilipigwa mara ya kwanza New York mwaka 1893. Simfoni hiyo inachukua kama dakika arobaini. Humo matoazi hulia mara moja tu. Moja! Tena siyo kishindo, ni mlio wa kiasi. Mpigaji anakaa, anahesabu, anasikiliza wenzake wote, mpaka zamu yake ifike.

"Kazi hiyo anapewa nani, asiyejua au anayejua kusikiliza?"

"Anayejua kusikilizaaa!"

Akamwita yule mtoto. Akamwambia mifuniko italia mara moja, mwisho wa hadithi, fisi anapoangukia kisimani. Kabla ya hapo kazi yake ni kuhesabu. Mtoto akaketi, akaanza kuhesabu kwa vidole, na wiki nzima akawa anahesabu. Mimi nilimfuata nikamwomba radhi. Akanijibu, "Usinisemeshe Mwalimu, nitapotea." Nikaondoka.

SIKU YENYEWE

Siku ya wazazi, uwanja ulijaa. Mama alikuja na kitenge chake kipya, akakaa mbele. Kondakta alikuwa mpwa wangu, na kijiti cha mshikaki mkononi.

Wakaanza na wali, wali, maharage, nyam. Wazazi wakacheka, halafu wakaacha kucheka, wakaanza kutingisha vichwa. Sungura akapita na chupa zake. Tembo akapita. Kobe akafika, polepole. Fisi akanguruma, watoto wadogo wakajificha kwa mama zao. Debe likaharakisha, fisi akaruka, na… kimya.

Mtoto wa mifuniko alikuwa kwenye kidole chake cha mwisho, hana hakika. Mpwa wangu alimwona. Akaganda na kijiti chake juu, akimtazama yeye tu. Watoto zaidi ya arobaini wakaganda naye. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyemsukuma. Walimsubiri.

Mwishowe ikalia. Kwaa!

Wallahi, uwanja mzima ulisimama. Wengi waliamini kile kimya kilipangwa hivyo makusudi. Waliofanya mazoezi walijua ukweli, na hawajamwambia mtu.

Wimbo wa kufungia uliongozwa na Mwalimu, kwa sauti ya watoto, kule juu. Nikauanza, nikaukosa, nikashuka ngazi yangu, nikaupata. Mama akageuka. Ananijua toka nazaliwa, lakini nadhani hiyo sauti hakuwa na kumbukumbu nayo.

"Kumbe una sauti ya baba yako," akasema, akarudi kutazama mbele.

UKITAKA KUJARIBU MTAANI KWAKO

Wewe mwalimu, mzazi, au dada na kaka unayekaa na watoto wa Jumapili, usisubiri fidla. Anza na miguu na maneno wanayoyajua; jina la mtoto lenyewe ni pigo. Mwanamume, usianzishe wimbo kwa besi yako: mwache mtoto mmoja aanzishe kwa sauti yake, wengine wamfuate. Fanya kidogo kidogo. Dakika ishirini zenye raha zinashinda saa nzima ya kugombezwa. Wafundishe kimya pia, maana anayejua kusubiri zamu yake ndiye anayejua kusikiliza wenzake. Mwenye pigo la pole mpe kazi yenye pigo la pole. Kila siku wabadilishane vyombo, asiwepo mtoto wa debe wa kudumu.

Na yule anayekutia aibu mbele ya wageni, anayechelewa, anayenguruma, jizuie. Inama umsikilize tena. Pengine ni wewe uliyeanzia chini.

Mifuniko ya sufuria bado iko kwangu, dada anaidai. Nimemwambia asubiri, Jumamosi tuna mazoezi.